Tisa Ilipokuwa Kubwa Kuliko Kumi

Kazini walimwita Mama Mitambo, kwa kuwa seva zote, zile kompyuta kuu za kampuni ya maji, zilikuwa mikononi mwake. Meza ya pili alikaa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mama Mitambo ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha, na nyumbani akampa chumba.

Siku moja aliandika skripti, orodha ya amri za kompyuta, yenye sharti moja: toleo la programu likiwa dogo kuliko 10, seva isasishwe, la sivyo, iachwe. Kisha seva zote zipewe mipangilio mipya ya toleo la 10. Akampa shemeji aisome, maana mwandishi hupitiwa na kosa lake mwenyewe.

"Iko sawa, shemeji. Irushe tu."

Usiku wa kesho yake akairusha kwenye seva zote. Asubuhi seva nyingi zikagoma, wateja wakajazana kaunta. Kumbe skripti ililinganisha matoleo kama maneno, si kama namba. Ilitazama tarakimu ya kwanza, ikaona 9 imeipita 1, ikaamua toleo la 9 ni kubwa kuliko la 10. Seva za zamani zikarukwa, kisha zikapewa mipangilio zisiyoielewa.

Mkuu wao wa kazi akawaita. Kabla Mama Mitambo hajafungua kinywa, shemeji alikwisha kueleza kosa lote, bila hata kufungua kompyuta.

"Umeligundua lini?" mkuu akauliza.

"Juzi, aliponipa niisome." Akainamisha macho. "Niliona haya kumsahihisha mkubwa wangu."

Mkuu akamwonea huruma. Akaagiza kwamba tangu leo skripti za Mama Mitambo zipitishwe na shemeji kwanza. Mama Mitambo alirudi mezani, akaandika upya lile sharti lilinganishe namba kwa namba, seva zikaamka.

Jioni alimkuta mumewe anavua viatu.

"Mdogo wako aliliona kosa, akaninyamazia."

Mume aliendelea na kamba za kiatu. "Aliniambia. Nikaona ni mambo yenu ya kazini, mtamalizana."

"Alikwambia lini?"

"Juzi, siku ile ile alipoliona, mke wangu. Usiyakuze."

Shemeji akaingia, akavuta kiti kama kawaida. "Leo hukunipakulia, shemeji?"

"Sufuria iko jikoni. Njia unaijua."

Mama Mitambo akachukua sahani yake, akaenda kula chumbani kwake. Kupitia mlango aliwasikia ndugu wawili wakinong'ona, kisha mmoja wao akacheka kidogo.