Nasambu Hakupata Kina

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa studio ya nyimbo za mazishi pale Kitale alinipa kalamu, daftari na kiti kibovu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa mistari. Familia ilileta majina ya watoto wa marehemu, mimi nikayapanga, kwaya ikaimba. Kwetu, mtoto asiyetajwa kwenye wimbo huo huanza kutiliwa shaka.

Ikaja familia moja ya Kabuchai, iliyofiwa na baba. Watoto walikuwa Nasambu, Barasa na Nekesa. Mistari yangu yote iliishia kwa "sa". Nasambu, kifungua mimba, akanishinda. Kwa "mbu" nilipata mbu tu, na nani anaimba mbu mazishini?

"Toa hiyo jina bana," Meneja akasema. "Kwaya inangoja."

"Lakini huyo ndiye wa kwanza, bosi."

"Si watu wanamjua? Toa."

Nikatoa. Hadi leo nina hasira naye, na nina hasira zaidi na huu mkono wangu.

Mazishini nilikuwepo. Wimbo ulipoisha, watoto wakaitwa kutupa udongo kaburini. Nasambu akasimama. Baba yake mdogo, ambaye siku zote alinong'ona kwamba msichana huyo aliletwa na mamake kwenye ndoa, akamzuia.

"Si umesikia wimbo? Watoto wamehesabiwa. Kaa chini."

Akakaa. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, daftari mkononi, nikanyamaza kama mjinga.

Njiani kurudi, mstari ukaja wenyewe. Jina si lazima likae mwishoni, linaweza kuanza. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Niliacha kazi Kitale, nikaenda studio ya Bungoma. Mkurugenzi wa huko naye alipenda haraka, ila nilimwambia wazi kwamba jina la mtoto halitolewi. Tuligombana hadi nilipostaafu.

Sasa niko Saboti. Vijana wananionyesha simu inayotoa vina kumi kwa mpigo, wakinicheka. Chekeni. Mimi sikukosa vina, nilikosa kusimama na kusema.

Mwezi uliopita nilimpelekea Nasambu ule mstari, kwenye kibanda chake cha nyanya Kamukuywa. Nikamwimbia: "Nasambu wa kwanza wake, analia hadi sasa."

Aliendelea kupanga nyanya.

"Ni mzuri, Mzee," akasema. "Lakini kaburi ilishafunikwa."