Darasa Tulilolibomoa

Wazo lilikuwa langu, sitamsukumia mtu mwingine. Mwalimu mkuu alituambia sisi walimu kwamba wafadhili wanapanda kutoka Kasese kuja kuona shida yetu. Shule moja ya Rukoki ilipigwa picha watoto wakisomea juani, ikapata madarasa mawili ya matofali. Sisi huku milimani Kyondo tulikuwa na darasa la saba la miti na udongo. Wazazi ndio waliolijenga: wanaume walichimbia nguzo, wanawake wakakanyaga matope na kukandika kuta. Lilikuwa limeinama kidogo, lakini halikuvuja.

"Wakiliona hili watadhani tumetosheka," nikasema. "Tulibomoe."

Mjuaji mkubwa mimi! Hakuna aliyenipinga.

Siku ya kubomoa alikuja mama mmoja, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni. Binti yake alikuwa darasa hilo, na mtihani wa mwisho ulikuwa muhula uliofuata. Alisimama akitazama nguzo zinavyong'olewa.

"Mwalimu, batoto batasomea wapi?"

"Vumilia wiki mbili tu, mama. Mtapata la matofali."

Wiki mbili zikawa miezi miwili ya mvua. Kila mawingu yaliposhuka tuliwarudisha watoto nyumbani, madaftari yameloa chapachapa.

Hatimaye wageni wakaja. Tulishafukia mashimo ya nguzo na kufagia juu yake. Mkubwa wao akauliza kwa Kiingereza jambo ambalo sikulitarajia: wazazi wenyewe wamejenga nini? Wao husaidia pale tu wazazi walipoanza. Nikawatafsiria wazazi waliokusanyika.

Yule mama akainuka. "Ubaambie, mwalimu. Ubaambie tulijenga. Ni miguu yangu ilikanyaga ile matope."

Nikamtazama mwalimu mkuu. Alikuwa akichunguza viatu vyake. Ukweli ungetuumbua sote, mimi wa kwanza. Nikawageukia wageni, nikawaambia mama anawashukuru kwa kuja.

Msaada ulikwenda shule nyingine. Binti wa yule mama hakuufikia mtihani; leo anabeba mizigo ya watu mpakani, na nikimwona Bwera siku ya soko napita upande wa pili. Najichukia kwa hilo pia.

Lakini kinachoninyima raha ni ile siku yenyewe. Gari la wageni lilipoondoka, mama alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ulibaambia?"

"Niliwaambia, mama."

"Aksanti, mwalimu," akasema. "Aksanti sana."