Kodioni Kifuani, Mtoto Mgongoni

Nakumbuka alasiri moja huko mtaa wa Tena, mwanangu, wewe ukiwa mgongoni na mimi nikiwa kwa masufuria. Rafiki yangu Njeri alikuwa analetewa mahari. Hema limefungwa uwanjani, wageni wanakula, mimi nasugua. Na usiniulize kama msichana wa rika langu ana haki ya kutoa nasaha. Aliyeumwa na nyoka hangoji mvi ndipo aonye watu.

Kwanza ujue nilitoka wapi. Nilikuwa kwaya, mstari wa mbele, tangu kidato cha pili. Mimba yako ilipoonekana, wazee wa kanisa waliniita wakaniambia nikae benchi la nyuma mpaka nirudishwe kundini. Sawa. Jumapili iliyofuata nikaketi huko nyuma, na nani alikuwa mbele akiimba besi, tai imemkaa vizuri? Baba yako! Hakuna aliyemwambia kitu. Mpaka leo nikiikumbuka ile tai natamani kuirarua. Basi nikanyamaza kabisa. Hata wewe nilikubembeleza bila wimbo.

Sasa hapo Tena, dijei alikuwa amezima spika zake na vijana wameshaketi; ngoma ya watoto haikeshi. Ndipo akasimama bibi mmoja wa Mathare, mkubwa kuliko nyanya yako, akajivika kodioni, kile kinanda cha kuvuta na kubana. Emsii akamsogezea kiti.

"Keti, shosh, kisikulemee."

"Kiti ni cha mgonjwa. Keti wewe, naona magoti yanakutetemeka."

Watu wakaangua kicheko. Akaanza mwomboko, ile dansi ya Kikuyu ya zamani. Mwanangu, vile vidole! Wazee wakainuka wawili wawili, hatua mbili, wanageuka, na kila walipodhani wamemfikia, aliongeza kasi. Na akaimba. Haikuwa sauti ya kuhurumiwa, ile ya "kwa umri wake anajaribu." Alituzidi wote, basi. Nilitamani kuwa mzee, unaelewa? Niwe pale alipo, nimeshayapita haya yote, na sauti bado ni yangu.

Kumbe midomo yangu ilishaanza kumwitikia. Akageuza shingo, vidole havijasimama.

"Nani huyo wa jikoni? Njoo hapa."

"Nina mtoto, shosh."

"Kwani nimeita mgongo? Nimeita mdomo. Mimi nimecheza kodioni kifuani, mtoto mgongoni. Ndivyo mzigo unavyolingana. Ningengoja ruhusa ningezeeka bubu. Wee, njoo!"

Nikaenda na sabuni mikononi. Tukaimba. Wewe ukalala. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa pale mezani. Akaweka kijiko chini, akaniangalia kana kwamba nimevua nguo. Nikamwangalia pia, nikapandisha sauti.

Lile benchi nililiacha. Lakini sitakudanganya. Kila Jumapili nikianika nepi zako, naisikia kwaya ng'ambo ya ukuta, sauti nne zikipanda pamoja, na moyo unaondoka wenyewe kwenda huko. Nawatamani, aki. Shosh alinirudishia wimbo. Hawezi kunirudishia wale wasichana waliosimama ubavuni mwangu, tukivuta pumzi kwa pamoja. Hasira ninayo tele, lakini haijazi hiyo nafasi.

Kwa hivyo shika haya. Sauti yako usimpe mtu akuwekee. Cha kuazima hakisitiri matako, na ruhusa ya watu ni ya kuazima. Ukipenda kitu, kifanye ukiwa na mzigo wako, maana mizigo haiishi. Ukiona mzee anayekushinda, usimsifu kwa huruma, msogelee akufundishe. Na siku wakikuondoa mahali unapopapenda, lia, hiyo si aibu, lakini usinyamaze.

Mungu akupe koo lisilokauka na umri mrefu wa kulitumia. Akupe wa kuimba nawe, wasiokuacha peke yako. Kua, mama. Kua uimbe.