Jaketi ya Mama Asenath

Mama Asenath alikuwa amewadanganya watu wa mtaa wa Pipeline kwa muda mrefu, tena kwa ustadi. Wateja aliwajua kwa vishindo vya viatu ngazini, na maandazi yalipoiva, mlio wa mafuta ulimwambia. Hakuna aliyeshuku kwamba macho yake yalikuwa yakizima. Alimwogopa Laban, mwanawe, ambaye alikwisha kuapa: mama akianza kuzeeka vibaya, atampakia kwenye basi arudi kijijini Mbale, akakae na kuku.

Siku ya sensa, Laban alikaa mlangoni akijibu kwa niaba ya nyumba nzima, kama wafanyavyo wanaume wengi wenye heshima na akili kidogo.

"Walemavu hapa hatuna. Andika sote wazima."

"Nitamuuliza kila mtu mwenyewe," alijibu karani, msichana aitwaye Ndinda, kisha akamgeukia bibi. "Shosho, je, unapata ugumu wowote wa kuona?"

"Mimi? Moshi wa jaa la taka la Dandora nauona nikiwa hapa hapa!" Asenath alitamba. Redio ilikuwa imemweleza mavazi ya makarani, basi akaongeza chumvi: "Hata hiyo jaketi yako ya manjano inaniumiza macho."

Lakini jaketi ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba wa Ndinda, kwa sababu ya joto.

Ndinda hakucheka. Alisogeza kigoda, akakaa karibu na mama. "Shosho, hapa hakuna jibu la aibu. Ni ugumu kidogo, mwingi, au huoni kabisa?"

Asenath alifuta mikono yenye unga. "Weka mwingi."

"Mama!" Laban aliruka. "Basi Jumamosi ni Mbale!"

"Ngoja kwanza. Msichana wangu, umeshanihesabu?"

"Ndiyo, shosho."

"Wapi?"

"Hapa Pipeline."

"Umesikia, Laban? Serikali imeniweka Pipeline. Ukinihamisha, unavuruga hesabu ya taifa zima. Watakuja kukukamata wewe, si mimi."

Laban alimgeukia karani. Ndinda alijua hakuna sheria ya namna hiyo. Lakini hakuwa ameulizwa, na kalenda iliyokuwa ukutani ilimvutia ghafla.

Jumamosi Laban alimshika mama yake mkono, wakashuka ngazi polepole hadi kliniki ya macho.

"Daktari," Asenath alisema kabla hajaketi, "fanya haraka. Kuna jaketi imeniumiza macho na sijaiona."