Breki Zilizonyamaza

Gari la mshonaji lilikuwa likipiga mayowe kila linapofunga breki, hata waliokuwa ndani ya nyumba wakajua anarudi akiwa bado kwenye kona. Fundi alimpiga danadana wiki mbili, mama wa watu akapandwa na mori. "Cherehani nafungua na kufunga mwenyewe, gurudumu litanishindaje?"

Jumamosi asubuhi akainua gari kwa jeki uani, akachomoa pedi za breki zilizolika zikawa nyembamba kama kucha, akatia mpya, akakaza nati mpaka mishipa ikamtoka. Mama mkwe, ambaye goti halimruhusu hata kushika ufagio, aliguna kutoka kitini, "Haya, tutaona."

Mshonaji akakanyaga breki mpaka pedali ikawa ngumu, kisha akazunguka mtaa. Kila kona, kimya! Akarudi uani roho kwatu, akasukuma mlango wa sebule ili ajigambe.

Redio ilikuwa juu. Mama mkwe alikuwa katikati ya sebule akikata kiuno, goti zima kabisa, ufagio ameukumbatia kama bwana harusi.

Wakatazamana.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole, "zile pedi za zamani umeshazitupa?"