Mkaratusi Usiopinda

Niliishia darasa la nne, na sioni haya kusema. Walionicheka wakati ule, wengine leo wananipigia simu kuulizia mbao za kupaulia. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni hapahapa Kaloleni. Sasa nina yadi, nina mashine mbili za kuranda, na kule kwetu Akheri nimejenga ghorofa ambayo watu wakielekezana njia lazima waitaje. Yote hayo nimeyapata kwa kanuni moja: usikubali neno la mtu kabla hujaigusa mbao kwa mkono wako. Akisema imekauka, inyanyue. Akisema imenyooka, itazame kwa jicho moja kuanzia kichwani.

Kanuni hiyo nilimlisha binti yangu wa kwanza tangu akiwa mdogo. Ndiyo iliyomwangusha.

Alikuwa amemaliza chuo, akaomba kazi benki. Huko, kabla hujaonana na mtu yeyote, wanakukalisha kwenye kompyuta ufanye mtihani: sarufi ya Kiingereza, aljebra, na sehemu wanayoiita mantiki. Sarufi alipita. Aljebra alipita. Mantiki akaanguka.

"Baba, nilibishana na maswali," akaniambia aliporudi.

"Ulibishana na kompyuta?"

"Wameandika kwamba paka wote wanapenda kuogelea. Mimi nikajibu si kweli. Kumbe hawakuuliza kama ni kweli. Wanataka ukubali, halafu useme kinachofuata."

"Sasa paka gani huyo anapenda kuogelea?"

"Umeona? Na mimi nilifanya hivyohivyo."

Baada ya miezi michache benki ikatangaza nafasi tena. Mimi nilimtaka aje yadi. Nilikuwa nimeshamtengenezea stuli ya kukalia kaunta, ya mninga, nimeiranda kwa mikono yangu. Tukakubaliana kwamba atajaribu mara hii tu. "Ukifeli," nikamwambia mbele ya mama yake, "siku hiyohiyo unachukua funguo za kaunta, na habari za benki sitaki kuzisikia tena." Akasema sawa, baba. Na nisifiche, moyoni nilikuwa na uhakika kwamba funguo zile atazichukua.

Nyumbani kuna wadogo zake na televisheni, kwa hiyo akawa anakuja kufanyia mazoezi yadi. Kila asubuhi, saa moja mpaka saa mbili, nikazima mashine zote. Mafundi wakanishangaa.

"Bosi, umeme umekatika?"

"Umeme upo. Kuna mtu anafikiri."

Mimi ndiye niliyeshika simu ya kuhesabia dakika na karatasi ya majibu. Kiingereza sijui, lakini A, B, C na D nazijua. Anasoma sentensi iliyoachwa pengo, anasema "C," naangalia, kweli C. Anasema "A," kweli A. Maswali ishirini mfululizo bila kukosa. Nilimtazama kama ninavyomtazama fundi anayetembea juu ya kenchi za paa bila kushika kitu.

Kwenye aljebra nikajidai. Alisoma swali la ubao wa futi kumi na nane, umekatwa vipande viwili, kimoja kimezidi kingine kwa futi nne. "Kumi na moja na saba," nikasema kabla hajashika kalamu. Mafundi wakanipigia makofi. Naye akaandika x yake taratibu, akapata kumi na moja na saba.

"Haya, baba. Sasa ubao wenyewe hatujui urefu wake."

"Kaupime."

"Haupo."

"Kama haupo, unakata nini?"

Akacheka. Akaandika herufi moja mahali pa urefu, herufi nyingine mahali pa ile ziada, akazipanga mistari mitatu, na jibu likatoka. Akaniambia niweke urefu wowote ninaoutaka. Nikaweka wa futi thelathini, nikaweka wa futi tisa. Kila nilipoweka, vipande vilitoka sawasawa. Miaka yote hii nimepima ubao mmoja baada ya mwingine, na huyu amepima mbao zote za duniani, pamoja na za miti ambayo haijapandwa, wala hajainuka kwenye stuli.

Ikabaki mantiki. Ubishi nilimpandikizia mimi, nikaona niung'oe mimi. Nikawa namtungia uongo wa mbao, maana huo naujua vizuri kuliko mtu yeyote.

"Mikaratusi yote haipindi," nikasema, na ulimi ukaniwasha, maana hakuna mbao inayopinda kama hiyo. "Kipande hiki ni mkaratusi."

"Hakipindi," akajibu.

Fundi wangu mkubwa akashika kichwa. "Bosi, sema polepole. Mteja akikusikia tumekwisha!"

Siku za kwanza alikuwa anakunja uso kila nikisema. Baadaye akatulia. Na kilichonishangaza ni kwamba hakuwa ameuamini ule uongo hata kidogo. Aliuvaa kama viatu vya kuazima, akatembea nao mpaka mwisho wa swali, akauvua palepale.

Asubuhi moja akanigeuzia kibao.

"Mvua ikinyesha Momela, barabara inateleza. Barabara inateleza. Je, mvua imenyesha?"

"Imenyesha! Nimepeleka mbao kule, naijua njia ile."

"Si lazima. Huenda gari la maji limemwaga."

Akaniangalia kidogo, akasema, "La mwisho. Mtu aliyeishia darasa la nne hawezi kujenga ghorofa. Wewe uliishia darasa la nne."

Mafundi wakaacha hata kufagia. Nilihisi damu inapanda. Ghorofa ipo! Nenda Akheri ukaiguse! Mawe ya msingi nilibeba mwenyewe begani.

"Usibishane, baba," akasema kwa upole. "Fuata tu."

"Basi," nikasema, na neno lilikuwa zito kuliko jiwe lolote, "siwezi kujenga ghorofa."

"Umepata."

Hakucheka, wala hakuna fundi aliyecheka. Nilitoka nje nikasimama. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nikawaza: kumbe mtu anaweza kulikubali neno linalomkana yeye mwenyewe, akalifuata kwa uaminifu mpaka linapoishia, na akirudi akaikuta nyumba yake ipo palepale. Nguvu hiyo mimi sikuwahi kuwa nayo, na binti yangu anaifanyia mazoezi kila asubuhi kabla ya chai. Kuanzia siku hiyo nikawa namwombea apite.

Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu, wiki kadhaa baada ya mtihani. Ilikuwa asubuhi, mashine zimezimwa kwa mazoea tu. Alisoma, akatia simu mfukoni. Akaja mpaka nilipo, akanyoosha mkono.

"Baba, naomba funguo za kaunta."

Nikampa. Nikakaa kwenye stuli yake. "Pole, mwanangu," nikasema. "Ulijitahidi. Hao watu hawajui walichokikosa."

Alikuwa ameshafungua kaunta, anapima misumari ya mama mmoja aliyekuwa amesimama pale. "Pole ya nini?"

"Si umechukua funguo?"

"Ulisemaje siku ile? Nikifeli, nachukua funguo. Nimechukua funguo. Kwa hiyo?"

Nikafungua mdomo niseme kwa hiyo umefeli. Nikaiona barabara ya Momela imelowa, na gari la maji linaondoka.

"Si lazima," nikasema.

"Si lazima," akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nimepita, baba. Mama huyu alikuwa anasubiri misumari, na wewe hukumwona."

Akamfungia yule mama misumari yake, akamshukuru, akafunga kaunta. Kisha akaja kuniwekea funguo mkononi.