Swali Ambalo Baba Hakuuliza

Baba yangu, Lesikar, alikuwa na mkono uliojulikana kuanzia Olmotonyi kule juu mlimani mpaka kwenye mashamba ya kahawa huko chini. Nasema mkono, sisemi kichwa, maana na kichwa chake nina ugomvi hadi leo. Ng'ombe akizaa na kondo la nyuma likabaki ndani, aliitwa yeye. Alikata kucha, akanawa kwa sabuni mpaka kwapani, akaingiza mkono taratibu huku akimsemesha ng'ombe kama anayembembeleza mgonjwa, akalitoa kondo kidogo kidogo. Kisha alilitandaza kwenye majani na kulikagua kama mtu anayetafuta tundu kwenye shuka. Akiona kuna kipande kimepungua, alirudi kukitafuta.

Kazi hiyo alifundishwa na bwana mifugo wa serikali, ambaye baba alimfuata tangu ujana akimbebea mkoba. Zilipokuja enzi za ruksa, biashara zikaachiwa watu binafsi, bwana mifugo akapunguzwa kazini, josho la kuogeshea ng'ombe likakauka, na dawa zikahamia kwenye maduka ya mjini. Baba akawa anashuka Kaloleni kununua dawa ya teramisini ya chupa na sindano zake, anarudi nazo kwenye mfuko wa koti, na watu wakaanza kumwita daktari. Hakukikataa cheo. Hata mchungaji alimwita hivyo nje ya kanisa, na baba akainamia kitabu chake cha nyimbo akijifanya anatafuta ukurasa.

Wenye ng'ombe aliwaeleza bila haya yoyote. Kinachobaki ndani kinaoza, aliwaambia, na uozo haukai mahali pamoja, unaingia kwenye damu. Mwanzoni ng'ombe anapata joto, masikio yanawaka ukiyashika, na hapo bado unaweza kumwokoa. Ila masikio yakiwa baridi ghafla na mnyama hataki kusimama, usifurahi ukadhani amepona. Mwili umechoka kupigana. Wapo watu waliopanda mlima kutoka mbali ili tu wamsikie akisema hayo.

Mimi nilizaliwa mwaka 1993, wakati wa mvua. Mama yangu, Anyesi, alinizaa nyumbani kama alivyomzaa kaka yangu Lemayian, mikononi mwa bibi Naisiae, mama yake baba. Kwetu Waarusha, mwanamke akishajifungua hukaa ndani na wanawake wenzake. Anakunywa mafuta na supu ya kondoo, anapumzika kwa miezi, na mwanamume haingii humo. Ni mila nzuri, msinielewe vibaya. Mtu aliyelima na kubeba majani ya ng'ombe mwaka mzima anastahili kulala na kunenepa. Lakini mambo ya uzazi yanabaki kuwa ya wanawake peke yao. Baba wa mtoto anaambiwa amepata binti, anatoa kondoo, basi. Akichimba zaidi ya hapo amejivunjia heshima, na heshima ya mama yake ameivunja zaidi.

Kondo la mama lilitoka limechanika. Bibi aliliona, akalizika upesi kama desturi inavyotaka, akajiambia kwamba kilichobaki kitashuka kwa supu. Baba hakuambiwa, naye hakuuliza.

Mama akaanza kutetemeka. Wanawake wakasema ni malaria, na kwa msimu ule nani angebisha? Bibi akamtuma baba mjini akalete klorokwini, akaileta. Muuza dawa hakutaka kujua mgonjwa ni nani wala kama ametoka kujifungua. Baba akamkabidhi bibi vidonge pale mlangoni, akauliza hali, akajibiwa kwamba mgonjwa ana joto lakini anaendelea vizuri. Akiwa amesimama hapo, akasikia harufu. Aliijua. Kwenye mazizi ya watu alikuwa akiitambua hata kabla hajavuka uzio. Akakohoa, akazungusha kofia mkononi, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Hapo ndipo ninapomkasirikia baba yangu. Mtu aliyeweza kuzungumzia tumbo la uzazi la ng'ombe mbele ya mchungaji, alishindwa kumuuliza mama yake mzazi neno moja kuhusu tumbo la mke wake. Aibu ilimziba mdomo. Kila siku alikuja mlangoni, akauliza hali, akajibiwa, akaondoka. Usiku hakulala, lakini kutolala kwake kulimsaidia nini mama?

Asubuhi moja bibi alitoka nje anatabasamu. Akamwambia baba wamshukuru Mungu, joto limekwisha. Anyesi amepoa kabisa, hata mikono na masikio ni baridi, ila amelala tu na hataki kuongea.

Mundu ukamdondoka baba. Alimpita bibi, akainama, akaingia. Wanawake waliokuwemo wakajifunika nyuso, na mmoja wao akamvuta koti kumrudisha. Hakugeuka. Alimshika mama sikio, kisha vidole, akasikiliza jinsi alivyokuwa akihema haraka haraka. Akamfunga blanketi, akambeba mgongoni mpaka barabarani, bibi akifuata nyuma amenikumbatia. Lori la mbao likasimama likawachukua.

Njiani mama alipata fahamu kidogo. Akamtazama baba kwa muda, kama anayekumbuka jina lake.

"Baba Lemayian," alimwambia, "ningekuwa ng'ombe, ungekuja mapema."

Hakusema kwa hasira. Baba anasema heri angesema kwa hasira.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana wa Kichaga aliyeitwa Elihuruma. Kitu cha kwanza alichotaka kujua ni kama kondo lilitoka lote. Baba akamgeukia bibi, bibi akatazama sakafu, na daktari hakungoja jibu jingine. Mama akaingizwa ndani, akasafishwa kizazi, akatundikiwa dripu, akachomwa dawa kali kuliko zote walizokuwa nazo. Baba akatolewa damu kwa ajili yake.

Mchana daktari akatoka kuwaeleza. Bakteria walizaliana kwenye kile kipande kilichobaki, alisema, na kutoka hapo wakaingia kwenye damu wakasambaa mwili mzima. Mwili nao ukawapiga vita, ndiyo ile homa na kutetemeka. Lakini vita ikizidi, mwili unajiumiza wenyewe. Mishipa inalegea, presha inaanguka, damu haifiki tena inakotakiwa. Ndiyo maana mikono imekuwa ya baridi. Ndiyo maana figo zimesimama na mgonjwa hapati mkojo. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi. Daktari alipoanza kusema kwamba wangemleta wakati joto bado liko juu, baba akamshika mkono ili asimalizie.

"Najua," alisema. "Ndivyo ninavyowaambia watu."

Mama alifariki jioni ile, akiwa na umri mdogo kuliko nilio nao mimi sasa. Tulimzika nyumbani, karibu na migomba. Sina picha yake hata moja. Ninamjua kwa maneno ya watu tu, kwamba alikuwa mrefu, kwamba alicheka sana, kwamba alijua kuiga sauti ya mchungaji.

Nililelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Baba aliyachemsha, bibi akaninywesha, wakanipokezana kama kapu bila kusemezana. Kwa mambo mengine waliongea vizuri, mahindi, mvua, karo ya Lemayian. Jina la Anyesi likitajwa, mmoja alinyanyuka akakumbuka kazi ya nje. Baba aliendelea kutibu ng'ombe, lakini mtu akimwita daktari alimkatiza hapo hapo na kumwambia jina lake ni Lesikar.

Nikawa msichana mkubwa wakiwa bado hivyo hivyo. Bibi alipozidiwa na uzee, nikawa ndiye ninayemlisha. Siku moja aliomba nimwitie baba. Baba akaja, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akamwamkia kwa adabu kama kawaida yake. Bibi akakisukuma kando kikombe cha uji nilichomshikia.

"Kile kipande nilikiona kimepungua," alisema. "Niliona haya kukuambia."

"Na mimi harufu niliisikia, yeyo, mama yangu," baba akamjibu. "Niliona haya kukuuliza."

Wakashikana mikono wakalia, wazee wawili. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe cha uji, nikalia pia, kwa kuwahurumia na kwa hasira iliyonijaa kifuani. Maneno yao yote hayakumaliza hata dakika moja. Wangeyasema mlangoni mwaka ule, ningekuwa na mama.